Wiki Tatu za Kumtania Binti Pamba

Kwa wiki tatu nzima nilimtania mtu aliyekwisha kuzikwa. Nilimwandikia hadharani, watu wakasoma, na wengine wakacheka: "Vipi, umekufa au umeolewa? Tujue tulete sanda au tulete kanga." Nikaona nimesema. Fundi wa Songea akaandika chini yangu, "Kiporo leo umeua," nami nikavimba kichwa siku mbili. Sikuwa nimelewa, na wala sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti cha kidato cha nne chenye alama nzuri ya Kiswahili, nimekaa kwenye kiti changu pale Bariadi nakunywa chai ya maziwa. Watu wengine ujinga wao huufanyia njiani, au baa, au kwenye mapenzi. Mimi wangu wote nimeufanyia nyumbani.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita tumekutana tena, sisi wa kijiwe cha zamani cha blogu. Si kukutana kwa kushikana mikono, hapana, sisi hatujawahi kufika huko. Fundi alitutafuta mmoja mmoja akatuweka kwenye kundi la simu, na kwa mara ya kwanza tukasikiana sauti. Shangazi Chumvi, ambaye miaka yote nilimsikia kichwani akiwa na sauti nzito ya mkuu wa wodi, kumbe ana kasauti kembamba kama ka msichana wa kwaya. Tulicheka, tukaulizana nani ana mvi na nani ana kisukari. Halafu Fundi akasema, "Kabla hatujaendelea, tumkumbuke Binti Pamba. Kiporo, andika wewe. Wewe ndiye ulikuwa jirani yake." Kila mtu akaweka ile picha ya mikono miwili iliyofumbatwa. Nikaweka na mimi. Kisha nikazima simu nikaenda jikoni kupasha wali ambao haukuhitaji kupashwa.

Mwaka ninaousema, mkoa wetu ulikuwa mchanga, rangi za vibao vya ofisi hazijakauka vizuri, na Bariadi ilijaa watu wa kuandikiwa barua. Mimi nilikuwa mwandikaji wao. Nilifanya kazi kwenye steshenari jirani na soko, yenye kompyuta tatu na mashine ya fotokopi iliyokula karatasi kama mbuzi. Chumba changu kilikuwa uani, nyuma ya steshenari hiyohiyo, kwa hiyo kutoka kitandani mpaka kazini zilikuwa hatua kumi na moja. Kitanda, jiko la mkaa, sufuria mbili, kiti cha mbao ambacho nilikishonea mto, na dirisha lililotazama ukuta. Sikuhitaji zaidi. Mama Masalu, mwenye nyumba, alikuwa akipita na beseni lake la nyanya anawaambia wapangaji wengine, kwa sauti ya kunifikia, "Huyu kijana, hata kivuli chake hakijawahi kufika stendi." Na mimi nilikuwa najibu kutoka ndani, nikimwita mama kwa Kisukuma, "Kivuli kikitoka, mayu, nitakusalimia nacho."

Wakati wateja hawapo niliandika blogu. Iliitwa Kiporo cha Jana, na ilihusu jambo moja tu: unafanya nini na chakula cha jana. Ugali wa jana unaukata vipande unaukaanga. Maharage ya jana yaliyochacha kidogo, unafanya nini? Unamwaga, usijifanye hodari. Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, yakibaki unayaponda kwenye uji. Sikutegemea kusomwa na mtu. Lakini siku moja Shangazi Chumvi akaacha maoni kwamba maharage yangu yatamuua mtu, na yeye ni nesi mstaafu wa Morogoro anajua anachokisema, na kama ningependa kuendelea kuishi nijiunge na kijiwe chao.

Kijiwe kilikuwa hivi. Kila Jumatano kulikuwa na neno. Ufagio. Kikombe. Mlango. Kila mmoja kwenye blogu yake anaandika chochote juu ya neno hilo, kutoka nyumbani kwake, na anaweka picha moja. Halafu tunapita kwa kila mmoja kubisha hodi, tunasoma, tunaacha maneno. Basi. Ukiniuliza faida yake sijui nikujibu nini. Kwenye neno ufagio, Fundi, ambaye ni fundi cherehani kweli, aliandika jinsi anavyofagia nyuzi za nguo za watu na kuziweka kwenye kopo, na kwamba akizitazama anajua mwaka huo watu wamependa rangi gani. Shangazi aliandika shairi la ufagio wa hospitali. Mimi niliandika kwamba ufagio wangu umezeeka kwa kusimama. Binti Pamba alipiga picha ya sakafu ya udongo iliyofagiwa mpaka ikabaki na mistari kama maji yaliyopulizwa na upepo, na Fundi akaichukua mistari ile akaishona kwenye pindo la shuka, akaipiga picha shuka, na Binti Pamba naye akashona mto wa vipande kwa kuiga shuka. Vitu vilikuwa vinatembea hivyo, kutoka sakafu ya Lalago mpaka shuka ya Songea na kurudi, na hakuna aliyetoka nyumbani. Kwa mtu kama mimi ilikuwa pepo.

Kanuni aliziweka Shangazi, na zilikuwa tatu: hakuna uso, hakuna namba ya simu, hakuna jina la kwenye cheti. Mkono unaruhusiwa kuonekana. Alisema mambo ya mtandaoni huharibika siku mtu anapomwona mwenzake ni mzuri au anapojua pa kumpigia. Na maneno aliyatoa kumi kwa mpigo, orodha ya wiki kumi, kwa ajili ya wenzetu waliokuwa mbali na mtandao. Hapo kulikuwa na ufundi wetu tuliouita kutega. Ukipata kompyuta siku moja, unaandika Jumatano zako zote, unaipa kila moja tarehe yake, unaondoka zako. Siku ikifika inajifyatua yenyewe, kama mtego wa kware. Mimi niliyekaa na kompyuta mchana kutwa pia nilitega, kwa uvivu. Kwa hiyo sina pa kujificha. Nilijua kutega ni nini.

Binti Pamba alikuwa mtegaji wetu mkuu. Aliishi Lalago, kule Maswa, na kila baada ya wiki mbili alikwenda Maswa mjini siku ya gulio, akakaa saa mbili kwenye kompyuta ya kukodi. Aliandika kifupi kuliko sisi wote. Nakumbuka aliandika hivi juu ya mama yake akiandaa michembe, viazi vitamu vya kukatwa na kuanikwa: "Mama anakata viazi vya michembe kama anagawa karata. Kila kipande kinaangukia kwa mwenyewe." Nikamjibu kwamba mimi kwetu viazi tunakata kama tunalipa kisasi. Akanijibu, "Wewe Kiporo ukipika mtu akala, ni yeye anayestahili kuitwa mpishi." Tukaendelea hivyo. Ndiye mtu niliyezungumza naye kuliko wote mwaka ule, na sauti yake sikuisikia hata siku moja.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, alinitumia barua pepe. Hatukuwa na desturi ya kuandikiana pembeni, kwa hiyo nilipoiona nikafunga mlango wa steshenari kama mtu anayefungua barua ya posa. Ilisema hivi, na naikumbuka karibu yote:

"Kiporo, nisikilize dakika mbili bila kunitania. Miguu yangu imevimba mpaka ndala za kaka ndizo zinanienea, na nikitoka kisimani naitua ndoo mara nne. Nimemweleza Shangazi Chumvi. Anasema ni moyo huo, niende hospitali kubwa Mwanza upesi, na ameshaandika barua kwa daktari anayemfahamu anipokee. Tatizo ni mama. Nilimwambia nimeshauriwa na Shangazi. Akaniuliza, shangazi yupi, wa ukoo gani? Nikasema yuko Morogoro. Umemwona? Sijamwona. Umesikia sauti yake? Sijaisikia. Mama anasema tangu nianze kuongea na hawa watu wasioonekana ndipo miguu ikaanza kuvimba, na hawezi kumtoa mtoto wake akapasuliwe Mwanza kwa neno la mtu asiye na uso. Anataka kwanza tumalize dawa za mganga. Lakini amesema kitu kimoja: aje hata mmoja wao, nimwone, ale ugali wangu, nitakuruhusu uende. Wengine wote wako mbali. Wewe uko Bariadi. Njoo Jumapili moja, ule, urudi. Nyumba unaijua kwa picha, mlango wa bluu, nyuma ya ghala la pamba. Jina sikupi, kanuni ni kanuni."

Nimeisoma barua ile kichwani miaka yote hii, na kila nikiisoma namwona zaidi yule mama. Zamani nilimwona kama kikwazo. Sasa nina binti wa miaka kumi na tatu anayecheka na simu, nikimuuliza anaongea na nani ananiambia "rafiki zangu", nikiuliza wako wapi anainua mabega. Yule mama aliuliza maswali ambayo ningeuliza mimi. Na hakuomba kitu kikubwa. Aliomba mtu mwenye tumbo, aketi, ale.

Nilimjibu Binti Pamba siku hiyohiyo: "Nakuja Jumapili. Mwambie mama asizidishe chumvi." Nikaridhika sana na jibu langu. Nilikaa kitako kama mtu aliyekwisha kwenda na kurudi.

Jumapili ya kwanza ilinyesha. Ilinyesha kweli, sisingizii, na anayejua udongo wetu mweusi wa mbuga anajua unavyoshika kiatu ukakataa kukirudisha. Nikaandika, samahani, mvua. Jumapili ya pili jua liliwaka na mimi nikasema nina homa. Niliiandika homa ile kwa ufundi, nikaipa baridi na maumivu ya viungo, mpaka Shangazi Chumvi akasikia na kunitumia maelekezo ya kunywa maji mengi na kupima malaria. Jumapili ya tatu ilikuwa imepangwa kabisa. Binti Pamba alikuwa ameandika: "Mama amekubali kuchinja jogoo. Usituaibishe."

Siku hiyo nilipiga pasi shati. Nilipaka viatu mafuta ya kupikia kwa kuwa dawa ya viatu ilikuwa imekwisha, nikatoka uani saa mbili asubuhi. Mama Masalu alikuwa anachambua mchicha. Akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Harusi ya nani?"

"Naenda Lalago, mayu."

"Lalago? Wewe?" Akageuka akaita, "Jamani njooni mumwone! Anakwenda Lalago! Tumfungashie na chumvi, asije akapotelea huko!" Wapangaji wawili wakatoka na miswaki mdomoni. Mmoja akaniuliza kama nimeaga kiti.

Haikuwa kitu. Ni utani wa kila siku, nami nina ulimi wa kuujibu. Lakini nilirudi ndani kuchukua kofia, nikakaa kidogo, na pale kwenye kiti kitu kikanishika ambacho sikukitaja kwa mtu yeyote hadi leo. Niliogopa kutazamwa. Kwenye blogu mimi nilikuwa Kiporo, mtu wa maneno. Pale kwenye mlango wa bluu ningekuwa kijana mwembamba mwenye viatu vinavyonukia vitumbua, nimekaa mbele ya mama wa watu anayenikagua kama ndama wa mnadani, na maisha ya mtu yananing'inia kwenye kukaguliwa kwangu. Je, nikimwona yule mama naye akaniona, halafu akasema bado haamini? Nikajiambia gari la kwanza limeshaondoka. Nikajiambia wiki ijayo. Nikavua shati nikalitundika vizuri, lisikunjamane, maana nilikuwa na mpango nalo. Kisha, kwa kuwa Jumapili yote ilikuwa mbele yangu, niliandika blogu. Niliipa jina Raha ya Kutotoka. Nilisifu kiti, nilisifu dirisha, nilieleza jinsi ya kukaanga wali wa jana na dagaa. Ilikuwa moja ya nilizoandika vizuri zaidi.

Jumanne Binti Pamba alifika Maswa mjini, sasa najua kwamba ni kaka yake aliyempakia kwenye pikipiki, na akaisoma. Akaacha maneno yake chini: "Kiporo, wewe utakuja kuzikwa umekaa. Jogoo tumemla wenyewe. Mama amesema paja lilikuwa lako, amelila yeye." Nilicheka. Nikaona amenisamehe, maana utani kwetu ni msamaha. Nikaandika, "Paja lingine litakuwepo." Hilo hakulijibu, na sikushangaa, kwa sababu muda wake wa kompyuta ulikuwa umekwisha. Ndani ya saa zake mbili alikuwa amesoma orodha mpya ya Shangazi na kuandika maneno yote kumi, Jumatano kumi, akazitega zote.

Zikaanza kufyatuka. Jumatano ya kwanza, kijiko. Ya pili, kivuli. Kila wiki asubuhi nilifungua na kumkuta yupo, amefika kabla yangu, amechangamka, picha ya mkono wake imeshika hiki au kile. Mtu anayeandika hivi, nikasema, hajambo huyu. Labda ameshakwenda Mwanza, labda dawa za mganga zimefanya kazi, labda lilikuwa joto tu. Kila nilipowaza nauli na shati, ile Jumatano ilinijibu: ya nini haraka, si huyu hapa anaandika? Kitu kimoja tu kilinikera. Nilikuwa namwachia maneno na hanijibu. Wiki tatu, wiki nne, wiki tano. Nikasema amenuna. Na mimi dawa ya kununa ninayoijua ni moja, kuzidisha utani. Kwenye neno la nane, sufuria, nilimwambia sufuria yake imeungua kama roho yake. Kwenye la tisa, ufunguo, nikamuuliza kama ameufunga mdomo na ufunguo ameutupa kisimani. Na kwenye la kumi, kamba, nikaandika lile la sanda na kanga.

Maneno yale bado yapo. Nimeyatazama wiki iliyopita. Blogu yake iko palepale, hakuna mwenye neno la siri la kuifungua, hakuna wa kuandika juu yake kwamba mwenyewe hayupo. Mgeni akiingia leo anamkuta msichana wa Lalago ameshika kamba, na chini yake mtu anaitwa Kiporo anamuuliza kama amekufa. Nimejaribu kuyafuta. Inanidai neno langu la siri la wakati ule, nami nililisahau, na barua pepe ya kunikumbusha inakwenda kwenye anwani nisiyoweza kuifungua tena. Nimebonyeza kila palipobonyezeka. Binti yangu alinikuta nahangaika akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia nafuta kitu. Akasema, "Baba, vya mtandaoni havifutiki, kwani hujui?"

Jumatano ya kumi na moja ilikuwa na orodha mpya, na Binti Pamba hakuwepo. Mchana Shangazi Chumvi akanitumia barua pepe. Hakunisalimia. "Kiporo, nimerudi nyuma kusoma yote. Tangu yale maneno ya jogoo, yule mtoto hajamjibu mtu yeyote. Hata mmoja. Wewe ulikuwa unamtania nani? Nenda." Nilirudi na mimi kusoma. Kijiko hakuna. Kivuli hakuna. Nikashuka hadi kamba, jibu hakuna, ni sisi tu tunapiga kelele mlangoni kwa mtu. Nikachapisha zile Jumatano zake kumi, kurasa kumi na mbili. Sijui kwa nini. Nadhani sikutaka kwenda mikono mitupu.

Kesho yake nilikwenda Lalago. Safari niliyoikwepa miezi mitatu ilikuwa ya asubuhi moja tu, gari mpaka Maswa, pikipiki kutoka pale, na nilifika hata jua halijawa kali. Ilikuwa msimu wa pamba, na ghalani watu walikuwa wamepanga marobota wakisubiri mizani. Nikazunguka nyuma. Mlango wa bluu nikauona kabla sijauliza mtu, pamoja na ule ufa uliokuwa kwenye picha, pamoja na sakafu iliyofagiwa mistari. Unajua nyumba ya mtu kuliko unavyojua ya dada yako, na hujui jina la mwenye nyumba. Wanawake wawili walikuwa wameketi kwenye mkeka wanapukuchua choroko. Nikasema mwadila. Wakaitikia, yule mzee kwa sauti ya chini, yule mwenzake kwa sauti ya kuuliza.

"Natoka Bariadi," nikasema. "Naitwa..." Na hapo nikagundua kwamba jina langu la kwenye cheti halina maana yoyote pale. "Naitwa Kiporo."

Yule mwenzake akacheka. "Kiporo! Mzazi gani huyo?"

Mzee hakucheka. Mikono yake ikasimama juu ya choroko. Akanitazama, polepole, vilevile nilivyoogopa kwamba atanitazama, na wala haikuwa mbaya kama nilivyodhani. Lilikuwa jicho la mama tu. "Ni wewe wa jogoo," akasema.

Nikasema ni mimi.

Akainuka, akaniletea kiti, akaniletea maji kwenye kikombe ambacho nilikijua, kile cha neno kikombe, chenye mkunjo pembeni. Kisha akasema neno kwa Kisukuma akaingia jikoni. Nilimuuliza yule mwingine, Mama Kulwa, jirani wa nyumba ya pili, kama mwenyeji wangu yupo. Akanionyesha kwa kidevu, nyuma ya nyumba, kwenye uzio wa minyaa. Nikafikiri ananionyesha mtu anayekuja. Nikasimama kabisa, nikavuta shati. Palikuwa na udongo ulioinuliwa, na msalaba wa mbao ulioandikwa Kabula. Ndivyo nilivyolijua jina lake.

"Wiki ya nne hii," akasema Mama Kulwa. "Mama yake alikuja kukubali mwenyewe, siku alipoona midomo ya mtoto imebadilika rangi. Hakumngoja mtu tena. Wakampakia. Walifika Maswa tu." Akaendelea kupukuchua. Kutoka jikoni moshi ulikuwa unatoka, na nikasikia mwiko unapiga sufuria. Nikasema mimi siwezi kula. Mama Kulwa akasema, "Kaa. Anapika."

Nilikula. Ugali wa mtama, nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, yenye karanga, maziwa ya mgando. Yule mama aliketi mbele yangu akanitazama kila tonge, na mimi nilimeza kila tonge, kwa sababu hilo ndilo pekee lililokuwa limeombwa kwangu tangu mwanzo, na sasa nilikuwa nalifanya kwa ukamilifu wote na halimfai mtu. Nilipomaliza nikatoa zile karatasi. Nikamwambia ni maneno ya Kabula. Akasema hajui kusoma, nisome. Nikasoma kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu nikageuza kwa Kisukuma. Kwenye kijiko akatikisa kichwa. Kwenye kamba, Kabula alikuwa ameandika kwamba mama yake hufunga ndama kwa fundo ambalo duniani ni yeye peke yake anayeweza kulifungua. "Uongo," mama akasema, na kidogo uso ukalegea. "Alikuwa analifungua vizuri tu. Alijifanya hawezi, ili niende mimi."

Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshazoea kusema zaidi ya inavyotakiwa, na nilitaka kumpa kitu, sijui nini, faraja. Nikamwambia kwamba hii ya kamba tuliipata wiki iliyopita tu, na kabla yake ya ufunguo, na kabla yake ya sufuria. Kwamba tulimsoma na kufurahi.

"Wiki iliyopita," akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Nimeshamzika."

"Ndiyo."

"Nimemzika, na yeye bado anaongea na ninyi?"

Nikaanza kueleza. Nikaeleza kutega, nikaeleza tarehe, mashine, kwamba aliandika zote siku moja kabla hajazidiwa. Nilisema mtego wa kware. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia naongea kama mtu aliyetumwa na haohao wasioonekana aliowaogopa yule mama. Mama Kulwa alikuwa ameacha choroko. Yule mama alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama alivyonisikiliza nikisoma. Akazichukua karatasi kutoka mkononi mwangu, akazikunja, akazifunga kwenye ncha ya kitenge chake.

"Ndiyo maana nilikataa," akasema. Hakusema kwa hasira. Kisha akaniambia wabeja, asante kwa kuja, na kwamba njia ya pikipiki ni fupi ukipita kwenye mashamba.

Ningesema nini? Kwamba alikosea? Hakukosea kuliko mimi. Kwamba mwanawe angepona? Sijui kama angepona, Shangazi Chumvi mwenyewe hajui, tumeulizana tena juzi kwenye simu na kasauti kake kakakatika. Niliaga. Mama Kulwa akajifunga kitenge akanisindikiza, maana mgeni lazima asindikizwe, na tulitembea kupitia pamba iliyokwisha kuvunwa, vijiti vitupu pande zote mbili, mpaka barabarani. Pale nikageuka nimshukuru. Nikamwambia yule mama ana moyo mkubwa, amenipikia.

Mama Kulwa akanitazama viatu, akanitazama uso.

"Mimi ningekuwa yule mama," akasema, "hata maji nisingekupa."